Keria

Kitanda kilikuwa cha ghorofa, chuma cha inchi moja na nusu.
Nilikinunua Kamukunji mwaka ule Nanjala alipoingia darasa la nne
na Wekesa bado analala na kidole mdomoni.
Nanjala juu, Wekesa chini. Ndiyo iliyokuwa sheria.
Sasa Nanjala yuko Eldoret na mtu wake,
Wekesa huja Krismasi, hulala kwenye kochi, miguu nje,
na kitanda kimebaki cha kuanikia nguo mvua ikinyesha.

Mimi nafunga mabomba. Bomba moja ni mita sita.
Bodi ya pikapu yangu ni futi sita.
Mwenye hesabu ajihesabie.

Mwezi wa tatu, pale Outering, kamba ilikatika.
Mabomba kumi na mawili yakashuka barabarani
yakilia kama kengele za shule kumi na mbili,
na askari wa trafiki akanitazama
vile mtu hutazama mboga iliyoungua.
Nililipa. Kiasi gani, hata mto wangu haujui.

Kariobangi, fundi Musembi akanitajia bei ya keria mpya.
Nikamwomba arudie.
Akarudia.
Nikaenda nyumbani.

Usiku huo nilikigonga kitanda kwa spana, upau kwa upau.
Chuma kizima hulia, kilichooza hunung'unika.
Kililia.

Nilipima pikapu kwa tepu ya jirani yangu mshonaji,
tepu iliyochoka,
iliyovutwa na viuno vya mtaa mzima.
Hilo nilikuja kulijua baadaye.

Musembi huchomelea na miwani ya jua ya mkewe.
"Mama Nanjala," akasema, "miguu ya kitanda tusiikate.
Ilishazoea kubeba."
Basi miguu minne ikakanyaga ukingo wa bodi,
bolti mbili kila mguu, na kipande cha tairi kuukuu katikati
ili chuma kisile chuma.
Grinda ikapiga kelele, cheche zikaruka hadi kwa muuza viazi,
muuza viazi naye akatutusi kwa Kikamba, Musembi akamjibu,
halafu stima ikapotea
na wote watatu tukanywa chai ya birika moja.

Ndipo nikauona, kwenye upau wa juu, upande wa chini,
mahali ambapo aliyelala chini peke yake angepaona,
umechorwa kwa msumari, herufi zimepinda:
NANJALA NI MCHAWI.
Na mbele kidogo, kwa msumari ule ule:
lakini asihame.

Sikusema kitu.
Stima iliporudi Musembi akachukua msasa.
Nikamwambia, huo upau uache.
"Utashika kutu."
Ushike.

Keria imepinda. Kushoto iko chini kwa upana wa kidole,
ile tepu, ile tepu,
na mabomba yote hukimbilia upande mmoja kama abiria wanaotaka kivuli.
Nimeshajua kuyafunga: kamba mbili mbele, mpira nyuma,
kitambaa chekundu kwenye ncha, askari asipate la kusema.

Nilimpigia Wekesa. Nikamuuliza, mchawi ni nani?
Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.
Kisha akacheka, akauliza ni nini kimefanyika kwa kitanda.
Nikamwambia kinafanya kazi.
Kiko Kayole leo, kimebeba tangi la lita elfu moja
na ngazi, na mabomba ya mtu ambaye hajalipa.

Musembi aliniambia nizibe ncha za vyuma,
la sivyo zitapiga mluzi nikikanyaga mafuta.
Sikuziba.
Nikifika kasi ya sitini, zinaanza: moja nyembamba, ya juu,
na nyingine ya chini inayochelewa,
zinabishana njia nzima hadi Njiru.
Nitaziziba Jumamosi.
Au ile Jumamosi nyingine.